Ovadraivi: maana, matumizi na uteuzi wake kwa gari la kale

ovadraivi *nomino* [i-/zi-], kutoka Kiingereza. 1 gia ambayo propela huzunguka mara nyingi kuliko injini. 2 (zamani) kifaa cha ziada kinachofungwa nyuma ya giaboksi au ya transfa ili kuipa gari gia kama hiyo. 3 (mazungumzo) kitufe kilicho kwenye wenzo wa gia, au taa ya dashibodi inayohusiana nacho.

Maana ya kwanza ndiyo ya msingi, na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Kiambishi cha Kiingereza kilichomo mwanzoni mwa neno hili kinadokeza kuzidi, na wasemaji wengi wa Kiswahili wamekisikia kama kuzidi kwa nguvu. Kinachozidi ni mizunguko ya propela. Nguvu ya kuvuta hupungua.

Kila gia ni uwiano kati ya mizunguko ya injini na mizunguko ya propela. Chukua giaboksi otomatiki za Toyota za jamii ya A340, ambazo mafundi wa Tanzania wanazifahamu kupitia Hilux Surf na Prado zilizoingia nchini kutoka Japani. Gia ya kwanza ina uwiano wa takriban 2.8: injini huzunguka mara 2.8 ili propela izunguke mara moja. Gia ya tatu ni 1.0, injini na propela sawasawa. Gia ya nne ni takriban 0.7. Hapo injini ikizunguka mara saba, propela huzunguka mara kumi. Injini imepumzika, mafuta yanatumika kidogo, kelele imepungua, lakini nguvu inayofika magurudumuni ni pungufu kwa asilimia 30 hivi kuliko ile ya gia ya tatu injini ikitoa nguvu ileile. Ndiyo maana tafsiri iliyowahi kupendekezwa na baadhi ya walimu wa ufundi, "gia ya kuzidisha", haitusaidii. Anayeisikia hufikiri ni gia ya kupandia mlima. "Gia ya kupumzisha injini" ni ndefu, ila haidanganyi.

Maana ya pili imebaki kwa wazee na kwa wenye Land Rover za kale. Katika miaka ya 1970 Land Rover za Series ziliweza kufungwa kifaa kilichotengenezwa na Fairey, nyuma ya transfa, chenye wenzo wake mdogo pembeni. Kilipunguza mizunguko ya injini kwa takriban asilimia 22 katika mwendo uleule. Mzee wa Iringa akisema gari lake "lilikuwa na ovadraivi", huenda anataja kifaa hicho, si gia ya nne ya otomatiki.

Kuwasha na kuzima

Maana ya tatu ndiyo yenye hatari. Katika magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1980 hadi 2000, ubavuni mwa wenzo wa gia kuna kitufe. Kikiwa kimezama, giaboksi inaruhusiwa kuingia gia ya nne na dashibodi haina taa. Kikitokeza, gia ya nne inazuiwa na taa yenye maandishi O/D OFF inawaka. Taa ikiwaka, ovadraivi imezimwa. Taa ikizimika, ovadraivi imeruhusiwa.

Sasa tazama lugha inavyojikwaa. Madereva wengi wanaposema "nimewasha ovadraivi" wana maana kwamba wamebonyeza kitufe na taa imewaka, yaani wameizuia gia ya nne. Wengine, hasa waliosoma kitabu cha gari, husema sentensi hiyohiyo wakimaanisha kinyume chake. Kwa hiyo "zima ovadraivi" ni amri yenye maana mbili zinazopingana, na msikilizaji hana njia ya kujua ipi imekusudiwa.

Mahali pa kuupima utata huu ni Kitonga, mteremko wa barabara kuu ya Tanzania na Zambia kati ya Ilula na Ruaha Mbuyuni. Gari linalotoka Iringa kwenda Dar es Salaam hushuka hapo kwa kona nyingi, mara nyingi nyuma ya lori au mbele yake. Anayeshuka anatakiwa kuzuia gia ya nne, na pengine ya tatu pia, ili injini ishike gari na breki zisibebe mzigo wote. Abiria anayejua akimwambia dereva "zima ovadraivi", na dereva akafahamu kwamba ni taa inayotakiwa kuzimika, gari linapewa gia nyepesi kuliko zote mahali ambapo linahitaji nzito. Breki zinazoshikwa mfululizo hupata moto, na zilizopata moto huanza kupoteza uwezo wake wa kushika.

Tunashauri vitenzi viwili visivyo na utata: kuruhusu gia ya nne na kuzuia gia ya nne. "Zuia gia ya nne kabla ya Kitonga" haina tafsiri mbili. Katika maandishi ya mafunzo ya udereva na maelekezo ya gereji, *kuwasha* na *kuzima* yatumike kwa taa peke yake, na taa itajwe kwa jina: "taa ya O/D OFF imewaka". Ifahamike pia kwamba taa inayowaka bila kukatika si dalili ya ubovu. Inayomwekamweka katika Toyota nyingi ndiyo ishara kwamba mfumo umeona hitilafu katika giaboksi.

Maneno jirani

*Giaboksi* ni sanduku zima. *Gia* ni kila uwiano mmoja, ingawa mitaani "gia imekufa" humaanisha sanduku zima. *Otomatiki* hutumika kama kivumishi kisichobadilika (giaboksi otomatiki) au kwa kiunganishi (gari la otomatiki). *Toku konveta* ni chombo cha mafuta kinachokaa mahali pa klachi kati ya injini na giaboksi. Hupitisha mwendo kwa msukumo wa mafuta, na gari linapoanza kuondoka huweza kuzidisha nguvu ya kuzungusha kwa takriban mara mbili. *Difu* ina uwiano wake yenyewe, na tutaona kwamba uwiano huo ndio unaoamua kama ovadraivi itafaa au la. *Kontrol boksi* ni kompyuta ya gari.

Kuhusu kazi yenyewe ya kutoa injini ya asili na kuweka ya gari jingine, vitenzi *kubadili* na *kubadilisha* havitofautishi injini mpya ya aina ileile na injini ya aina nyingine kabisa. Mafundi husema "kufunga injini ya Toyota kwenye Land Rover", na hiyo inaeleweka. *Kupandikiza*, lililozoeleka shambani na hospitalini, linafaa zaidi katika maandishi, kwa kuwa linabeba wazo kwamba kiungo kigeni kinapaswa kukubaliwa na mwili kinaoingizwa. Neno *upandikizaji wa injini* tunalitumia hapa chini kwa maana hiyo.

Uteuzi kwa gari la kale

Swali la ovadraivi ipi iwekwe nyuma ya injini iliyopandikizwa huulizwa zaidi Marekani, ambako wenye magari ya V8 huchagua kati ya giaboksi chache zinazojulikana: 700R4 ya General Motors, iliyotoka kwa magari ya mwaka 1982, yenye gia ya kwanza ya 3.06 na ya nne ya 0.70, 200-4R ya kampuni hiyohiyo, 2.74 na 0.67, na AOD ya Ford, 2.40 na 0.67. Tofauti ya gia ya kwanza ndiyo hoja kubwa huko. Yenye 3.06 huondoka kwa nguvu, ila hutua kwa kishindo kidogo inapoingia ya pili. Yenye 2.40 huondoka taratibu isipokuwa difu iwe nzito. Hesabu hizo zinafaa kujulikana popote, hata pale giaboksi zenyewe zisipopatikana.

Iringa gari la kale lenye kuulizwa hivyo kwa kawaida ni Land Rover, aghalabu 109 ya Series III, aina iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Injini yake ya asili ya lita 2.25 ilitosha kwa barabara za wakati wake. Leo mwenye gari anataka kufika Mafinga, Makambako hata Mbeya bila kuachwa na mabasi, na Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 liliamsha hamu ya wengi waliokuwa wameyaacha magari hayo chini ya miembe. Injini ya Toyota inapandikizwa, mara nyingi 1KZ-TE ya dizeli yenye turbo, na swali la giaboksi linafuata.

Wengi huanza kwa kuuliza "ina gia ngapi?". Swali la kwanza linapaswa kuwa difu. Land Rover za Series zina difu yenye uwiano wa 4.7. Range Rover za kale na Defender zina 3.54, na ekseli zake hufungwa chini ya Series mara kwa mara kwa sababu ni imara na zinapatikana. Tuchukue tairi la 7.50-16, ambalo mzunguko wake mmoja husogeza gari takriban mita 2.5, na transfa isiyopunguza mwendo katika gia zake za juu. Kwa kilomita 80 kwa saa gurudumu huzunguka mara 533 kwa dakika.

Kwa difu ya 4.7, gia ya tatu yenye uwiano wa 1.0 huizungusha injini mara 2,500 kwa dakika, na ovadraivi ya 0.7 huishusha hadi 1,750. Kwa kilomita 100 ni 3,100 na 2,200. Nguvu ya kuzungusha ya 1KZ-TE hufika kileleni kwenye mizunguko ipatayo 2,000. Ovadraivi inaiweka injini mahali pake hasa.

Kwa difu ya 3.54 hesabu inageuka. Kwa kilomita 80, gia ya tatu ni 1,900 tayari, na ovadraivi ni 1,300. Injini haina pumzi hapo. Kilima kidogo kikitokea, giaboksi hurudi gia ya tatu, kisha huingia ya nne, kisha hurudi tena. Hukaa ikihangaika kati ya gia hizo mbili. Kila badiliko ni msuguano ndani ya klachi za giaboksi na ni joto ndani ya mafuta yake. Mwenye gari amelipia gia ya nne ambayo Iringa hawezi kuitumia isipokuwa anakimbia kupita kiasi. Kwa difu nyepesi ni heri abaki na giaboksi ya kawaida, au achague tairi dogo zaidi, au akubali kwamba kitufe cha O/D kitakaa kimetokeza siku zote.

Mwinuko nao una sehemu yake. Iringa mjini iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapo ni kama asilimia 82 ya lile la pwani. Injini isiyo na turbo hupoteza sehemu inayoonekana ya nguvu zake kabla hata haijapakiwa mzigo. Hesabu ya uwiano iliyofanywa Dar es Salaam na kumridhisha fundi wa Dar es Salaam inaweza kumwangusha mteja wake akifika juu ya Kitonga. Mbeya, iliyo juu zaidi kidogo, ni vivyo hivyo. Injini yenye turbo huathirika kidogo, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuipendelea 1KZ-TE mbele ya dizeli za kawaida kwa ukanda huu, tukiacha tabia yake ya kutovumilia joto, ambayo mafundi wote wanaijua.

Baada ya difu linakuja swali la nani ataiongoza giaboksi. Zipo zinazobadili gia kwa shinikizo la mafuta na kebo inayotoka kwenye aksileta. 700R4 ni ya aina hiyo, na vilevile matoleo ya awali ya ZF 4HP22, giaboksi ya Kijerumani iliyotumika katika Range Rover tangu katikati ya miaka ya 1980. Hazihitaji kompyuta, na hilo linawavutia wanaopenda gari la kale libaki la kale. Kasoro yao ni kebo. Ikilegea, shinikizo hupungua, klachi huteleza, na giaboksi inaweza kuungua bila dereva kuona ila uvivu kidogo. Zipo pia zinazoongozwa na kontrol boksi. Hizo zinahitaji sensa na waya zote zikamilike, lakini hujilinda na husema zinapougua.

Rai yetu kwa Nyanda za Juu Kusini ni moja: inunuliwe giaboksi iliyokuwa imefungwa kwenye injini hiyohiyo. 1KZ-TE tayari inahitaji kontrol boksi kwa ajili ya pampu yake ya dizeli. Anayeinunua pamoja na giaboksi yake, toku konveta yake, kontrol boksi yake na waya zake bila kukatwa, hana haja ya bamba la kuunganishia wala ya kudanganya kompyuta. Anayenunua injini Ilala leo na giaboksi mwezi ujao kutoka gari jingine amenunua mafumbo mawili. ZF 4HP22 ina mvuto wake, kwa kuwa ni ya ukoo wa Land Rover na hupokea transfa ya LT230, lakini vipuri vyake havipatikani Iringa kwa urahisi wa vile vya Toyota, na gari linalosubiri kipuri si gari.

Vipo vipimo vya mwili pia. Giaboksi otomatiki ina urefu wake, hivyo propela moja hukatwa na nyingine huongezwa. Upande ambao transfa hutolea shafti ya mbele lazima ulingane na upande ilipo difu ya mbele. Hili lipimwe kabla ya fedha kutoka mfukoni, maana hakuna kuchomelea kunakolirekebisha. Sakafu hukatwa. Waya wa spidi hubadilishwa, la sivyo dereva atasomewa mwendo usio wake.

Kisha joto. Kupanda Kitonga na mzigo humaanisha dakika nyingi za toku konveta kuteleza, na kuteleza kwake kote huwa joto la mafuta. Rejeta ya Land Rover ya kale haikutengenezewa kazi hiyo. Kipoza mafuta cha pekee, kilichofungwa mbele ya rejeta mahali penye upepo, si anasa. Mafuta mekundu ya giaboksi yakigeuka kahawia na kunuka kuungua, yanaeleza safari ilivyokwenda.

Jambo la mwisho la kuangalia kabla ya kuchagua ni mteremko. Land Rover za Series zina breki za ngoma magurudumu yote manne, na giaboksi ya asili ilimsaidia dereva kwa kushika gari katika gia ya pili au ya tatu. Otomatiki hushika kwa ulegevu zaidi. Kwa hiyo giaboksi inayofaa ni ile inayokubali kuzuiwa katika gia ya pili na ya kwanza kwa wenzo, na inayoifanya injini ishike kweli katika nafasi hizo. Kitufe cha O/D nacho kifungwe pamoja na taa yake. Tumeona magari yaliyopandikizwa ambamo kitufe kimeachwa ndani ya droo ya fundi kwa kuwa "gari linatembea bila hicho". Linatembea, ndiyo, hadi Kitonga.

Katika maandishi

Kadi ya gari inayotolewa na TRA huonyesha namba ya chesisi, namba ya injini na ujazo wa injini. Baada ya upandikizaji, namba na ujazo vinakuwa si vile vilivyo kwenye kadi, na mabadiliko hayo hutolewa taarifa TRA ili kadi isahihishwe. Katika barua ya kuomba masahihisho iandikwe "kubadilisha injini", maneno yanayotambulika ofisini. *Kupandikiza* libaki kwenye maandishi ya ufundi.

Katika tangazo la kuuza, kuandika "ina ovadraivi" hakumpi mnunuzi chochote. Uwiano wa difu usiachwe nje: *Land Rover 109 Series III, injini ya 1KZ-TE, giaboksi otomatiki ya gia nne iliyotoka na injini, difu 4.7, kipoza mafuta cha pekee, kadi imesahihishwa.*